Usukani umekaa kombo: tafuta chanzo kabla hujalipia alaimenti

Unatoka Ahero kuelekea Kisumu, barabara imenyooka, gari nalo limenyooka, ila nembo ya katikati ya usukani imelala upande. Ukimwonyesha fundi, jibu liko tayari mdomoni: "Hiyo ni alaimenti tu, bosi." Mara nyingi yuko sawa. Shida ni kwamba mtambo wa alaimenti, yaani wa kupima na kupanga pembe za matairi, unaonyesha jinsi matairi yalivyokaa, hauonyeshi kwa nini yalihama. Kama kuna chuma kimepinda au bushi (mpira wa kwenye kiungo) imekatika, utalipa leo, uende Kericho na kurudi, na usukani utakuwa umerudi palepale.

Hatua zilizo hapa chini zinaanza na zisizohitaji spana hata moja, kisha zinakwenda hadi za kulala chini ya gari. Zifuate kwa mpangilio huo.

Kwanza, tenganisha malalamiko mawili

Kuna gari ambalo usukani uko kombo lakini ukiushika kwa kulegea, gari linashika mstari wake bila ubishi. Kuna lingine linalovuta: ukilegeza mkono linaelekea pembeni lenyewe, na usukani unaonekana kombo kwa sababu wewe ndiye unayeupinda ili kulirudisha njiani.

La kwanza hutokana na tairodi (fimbo mbili zinazogeuza matairi ya mbele) zisizolingana urefu, ekseli ya nyuma iliyokaa vibaya, au usukani uliofungwa vibaya. La pili hutokana na presha ya matairi, tairi lenyewe, breki inayoshika, au pembe za kemba (tairi kulala ndani au nje) na kasta (mhimili wa kugeuzia tairi kulala mbele au nyuma) zilizoharibika baada ya kugonga kitu. Gari moja linaweza kuwa na yote mawili. Hapo maliza kwanza hilo la kuvuta.

Usukani unaotetemeka ni habari nyingine kabisa. Hiyo tafuta kwenye balansi, rimu na diski.

Hatua ya 1: presha, asubuhi, kabla ya kuendesha

Soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva ujue kiwango cha mbele na cha nyuma. Usipime baada ya safari. Presha hupanda takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, kwa hiyo gari lililojazwa upepo kwenye baridi ya alfajiri ya Nakuru litasoma tofauti kabisa likipimwa mchana Kisumu. Muhimu zaidi ni kulinganisha kushoto na kulia. Tairi moja la mbele likipungua psi 5 au 6 kuliko mwenzake, gari litavuta upande wa lile lililolegea.

Ukishajaza, subiri siku mbili upime tena. Tairi linalopungua polepole kwa msumari mdogo limewahi kuwapeleka wengi kwenye mtambo wa alaimenti bure.

Hatua ya 2: pima kombo lenyewe

Kusema "imeenda kidogo kushoto" hakutoshi. Chukua ile tepu ya karatasi ambayo wapaka rangi hutumia. Bandika kipande juu kabisa ya duara la usukani na kingine kwenye dashibodi mbele yake, ili usukani ukiwa umenyooka vipande viwili vielekeane. Nenda barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na magari mengi, uendeshe kwa kasi ya kama kilomita 50 kwa saa. Shika usukani kwa vidole tu, usiuachie. Aliyekaa kando yako apige picha gari likiwa limetulia kwenye mstari.

Uwanda wa Kano, ule wa Ahero, unafaa sana kwa kazi hii. Nakuru ni ngumu kidogo kwa kuwa mji umekaa kwenye mteremko wa Menengai na barabara nyingi za ndani zimelala upande. Toka nje ya mji, tafuta kipande kilicho bapa.

Hapa kuna mtego. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke kandoni, na sisi tunaendesha kushoto. Basi gari lolote, hata zima kabisa, litatamani kwenda kushoto kidogo na dereva ataushika usukani kuelekea kulia bila kujua. Kugeuza na kurudi kwa barabara ileile hakusaidii, maana bado uko kushoto na mteremko ni uleule. Kurudi kunakufaa kwa jambo moja tu: kuondoa hila ya upepo wa ubavuni, kwa sababu wenyewe hubadilisha upande. Kiwanja kikubwa cha lami au saruji kisicho na watu ndicho hukata shauri.

Sasa pima umbali kati ya vipande viwili vya tepu kwenye ukingo wa usukani. Kwa usukani wa kipenyo cha kawaida, sentimita 1 ni kama digrii 3. Ikiwa hujafika sentimita moja na ni kuelekea kulia tu, huenda ni barabara. Ikizidi mbili, kuna jambo. Usishtuke na ukubwa wake: kwa magari mengi madogo usukani huzunguka takriban digrii 15 ili matairi ya mbele yageuke digrii 1. Kosa dogo sana huko chini huonekana kubwa mbele ya macho yako.

Hatua ya 3: uliza gari lilifanyiwa nini mwisho

Hatua hii haina gharama, na mara nyingi ndiyo inayotoa jibu.

Kombo lilianza siku ileile ulipotoka kufanya alaimenti? Basi usukani haukushikiliwa katikati wakati wa kazi. Rudi kwao, usilipe tena.

Lilianza baada ya kubadilishiwa tairodi endi (kiungo cha nje cha tairodi) au raki endi (cha ndani, kinachoshika raki, chuma kinachosogezwa kushoto na kulia na usukani)? Fundi alihesabu mizunguko ya nyuzi za skrubu kwa kukadiria, akafunga, akakuachia. Kukadiria huko ni kwa kukufikisha kwenye mtambo, si kwa kuendesha mwezi mzima.

Baada ya shimo, tuta lisilo na alama, au gurudumu kugonga ukingo wa barabara? Shuku chuma kilichopinda mpaka uhakikishe vinginevyo.

Baada ya kuinua gari? Hili limejaa Magharibi yote ya Kenya. Mtu ana Vitz au Fielder, nyumbani ni barabara ya udongo huko ndani, anaweka speisa (kipande cha kuinulia) juu ya shoku ili gari lisisugue tumbo. Gari likipanda, pembe ya tairodi hubadilika na matairi hubadili mwelekeo. Upande mmoja ukipanda kuliko mwingine, usukani nao unahama. Speisa bila alaimenti ni kazi iliyoachwa nusu.

Na kama kombo liliingia polepole bila tukio lolote, fikiria kulegea: bushi, boljointi (kiungo chenye kichwa cha duara kinachoshika gurudumu), tairodi endi.

Hatua ya 4: soma matairi kwa kiganja

Geuza usukani ili uone uso wa tairi la mbele. Kagua kwanza kwa macho kama kuna waya uliochomoza. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, halafu kutoka nje kwenda ndani. Tairi zuri ni sawa pande zote mbili. Likiwa laini ukienda huku na lina meno ukirudi, linaburuzwa upande: mwelekeo wa matairi mawili ya mbele, ule mafundi wanaouita tou, hauko sawa. Ni kama ng'ombe wawili wa jembe ambao kila mmoja anavuta kwake. Jembe linakwenda mbele, lakini shingo zinachubuka.

Ukingo wa ndani ukiisha kwa matairi yote mawili, matairi yanatazama nje. Ukingo wa nje ukiisha, yanatazama ndani. Tairi moja tu likiisha upande mmoja, elekeza shaka kwenye kemba ya gurudumu hilo.

Kwa gari linalovuta, fanya jaribio hili: badilishana matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto, ili mradi hayana mshale wa mwelekeo. Kuvuta kukihamia upande wa pili, mwenye kosa ni tairi. Kusipohama, rudishia, kisha endesha kilomita chache ukitumia breki kidogo sana, simama, na ukaribishe mkono kwenye rimu bila kugusa diski. Rimu moja ikiwa moto kuliko nyingine, breki inashika.

Hatua ya 5: inua, tikisa

Weka mawe au vipande vya mbao kwenye matairi ya nyuma, vuta hendibreki, inua mbele kwa jeki, kisha uweke stendi. Jeki pekee si ya kuamini. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu.

Shika tairi kushoto na kulia, kwa usawa wa katikati, ulitikise kwa nguvu kama unayetaka kuligeuza. Likicheza, tafuta kwenye tairodi endi au raki endi. Lishike juu na chini, tikisa tena: likicheza hapo ni boljointi au beringi. Mwenzio akitazama kwa tochi huku wewe ukitikisa, ataona kiungo kinachoruka.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi kwa sababu gari linakuwa chini, limebeba uzito wake. Washa injini, mwombe mtu azungushe usukani kidogo tu, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kuacha. Chuchumaa mbele ya gurudumu utazame. Kila kiungo kinapaswa kusogea pamoja na mwenzake. Kama mkono wa tairodi unasogea na kichwa chake kinachelewa, umeshapata. Tazama pia bushi ya nyuma ya mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na fremu: ikipasuka, gurudumu zima husogea mbele na nyuma unapokanyaga breki, na usukani hukaa mahali papya kila baada ya safari.

Kiungo chochote kilicholegea kibadilishwe kabla ya alaimenti. Hakuna mtambo unaoweza kupima kitu kinachocheza.

Hatua ya 6: kutoka mwisho hadi mwisho

Inua mbele tena, weka stendi, kisha zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto. Sasa zungusha hadi mwisho wa kulia ukihesabu mizunguko, kwa mfano mitatu na robo. Rudi nusu ya hesabu hiyo. Hapo raki iko katikati kamili. Tazama usukani.

Kama umenyooka, usukani ulifungwa vizuri na kosa liko kwenye tairodi au nyuma ya gari. Kama uko kombo hapo pia, kwa kiasi kilekile ulichokipima barabarani, basi kuna aliyeung'oa akaurudisha jino tofauti, au jointi ya nguzo ya usukani ilifungwa vibaya raki ilipobadilishwa.

Ukiwa hapo chini, hesabu nyuzi zinazoonekana nje ya nati kwenye tairodi ya kushoto na ya kulia. Kwa gari lisilogongwa huwa zinakaribiana. Upande mmoja ukiwa na nyuzi nyingi zaidi kwa kiasi kikubwa, ama mtu alinyoosha gari kwa upande mmoja tu, ama kuna kilichopinda kikafidiwa na tairodi.

Hatua ya 7: usisahau nyuma

Matairi ya nyuma yakitazama pembeni hata kidogo, yanasukuma gari kiupande. Dereva hulirudisha kwa usukani bila kufikiri, na matokeo yake ni usukani kombo kwenye gari ambalo mbele ni zima kabisa. Magari yanayolima matope ya Mumias na Chemelil msimu wa miwa, au yanayopakia kupita kiasi kwenda soko la Njoro, huumia sana nyuma, na wachache hupaangalia.

Pima hivi. Egesha kwenye saruji bapa, matairi ya mbele yakiwa yamenyooka. Funga nati kwenye uzi, shikilia uzi katikati ya rimu, uache nati ining'inie karibu na sakafu, na uweke alama ya choki hapo. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne. Sogeza gari, kisha pima umbali wa mbele na nyuma kwa kushoto, halafu kulia. Tofauti ya milimita chache si neno. Ikifika sentimita moja, kuna mkono uliopinda au ekseli iliyohama. Pima na ule msalaba pia, kona kwa kona.

Magari mengi madogo hayana mahali pa kurekebisha nyuma. Ekseli ni kipande kimoja. Ikipinda, hubadilishwa. Bushi zake zikiisha, huwekwa mpya.

Hatua ya 8: kwenye mtambo

Sasa nenda, na usikae kwenye benchi kusoma simu. Simama karibu.

Hakikisha wamepima presha kwanza. Kisha tazama wanavyoushika usukani: injini iwake, fundi autikise kushoto na kulia mara kadhaa ili raki itulie, aweke katikati, ndipo afunge kile chuma cha kushikilia kati ya kiti na usukani. Wakiuweka sawa injini ikiwa imezimwa, usukani unaweza kujisogeza kidogo baadaye, nawe utatoka na kombo lilelile ukiwa na risiti mkononi. Kama gari lina marekebisho ya nyuma, nyuma huanza. Mbele hufuata kemba na kasta, na tou huwa ya mwisho.

Omba karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Ukiona tou ya kushoto na ya kulia za mbele zinalingana lakini mwelekeo wa ekseli ya nyuma uko mbali na sifuri, huenda usukani usinyooke.

Kama fundi anarekebisha kwa mkono

Wakati mwingine tou jumla iko sawa na usukani tu ndio uko kombo. Hapo tairodi mbili husogezwa pamoja: moja hurefushwa, nyingine hufupishwa, kwa kiasi kilekile. Ukigusa moja tu, utanyoosha usukani na kuanza kula matairi.

Chungulia kwanza raki iko wapi. Kwa magari mengi yanayovutwa na matairi ya mbele, iko nyuma ya mstari wa ekseli. Kwa hayo, usukani ukilala kushoto gari likienda sawa, refusha tairodi ya kulia na kufupisha ya kushoto. Ukilala kulia, fanya kinyume. Raki ikiwa mbele ya ekseli, geuza maelezo yote.

Weka alama ya rangi kwenye tairodi na nati kabla ya kulegeza. Legeza klipu ya mpira wa raki ili usijisokote ukachanika. Mpira uliochanika huingiza vumbi, na vumbi humaliza raki. Sogeza robo ya mzunguko kila upande, kaza, jaribu barabarani. Robo hiyo huhamisha usukani digrii chache tu, kwa hiyo subira inahitajika.

Kuhusu kung'oa usukani

Utasikia: "Tunautoa tu, tunaurudisha jino moja, dakika kumi." Kataa, isipokuwa Hatua ya 6 imeonyesha kwamba ndiko kosa liliko. Kwa magari mengi jino moja ni karibu digrii 10, yaani sentimita 3 hivi kwenye ukingo. Kombo lako likiwa sentimita moja na nusu, jino moja litalihamishia upande wa pili kwa kiasi kilekile.

Hata likikaa sawa kwa macho, raki itabaki nje ya katikati: gari litakata kona vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, na indiketa itajizima mapema kwa kona moja. Gari lenye kihisi cha pembe ya usukani linaweza kuwasha taa ya VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza). Halafu kuna eabegi, mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Mwenye kuifungua lazima achomoe betri na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa waya, na asiuzungushe ule utepe wa waya ulio nyuma ya usukani, kwa sababu ukikatika, honi na eabegi vyote vinakufa. Kazi hiyo si ya kando ya barabara pale Kondele, Kisumu.

Baada ya kazi

Rudi kwenye barabara ileile uliyopimia, tepu zikiwa bado mahali pake, presha ileile, abiria yuleyule kama inawezekana. Linganisha picha.

Taa ya VSC ikiwaka baada ya alaimenti, gari linahitaji kufundishwa sifuri upya kwa mashine ya daignosi. Ombeni hilo lifanywe hapohapo kabla ya kuondoka.

Kombo likirudi ndani ya wiki bila kugonga kitu, tia rangi kidogo kwenye nati za tairodi na kwenye bolti za fremu ndogo inayobeba injini na mikono ya chini, mstari mmoja unaovuka bolti na chuma kilicho chini yake. Endesha siku chache, kisha utazame tena. Mahali mstari ulipokatika ndipo panapohama.